Paka wa majivu



Juma lililopita, baada ya mkutano, mama mmoja alinivuta kando. "Mama, ule paka nitamtupa. Panya amewamaliza, hilo nakubali, lakini anajisaidia kwenye majivu ya mbabula." Alikuwa na hasira, na si bure: mkamwana wake ana mimba ya miezi mine, na ndiye anayezoa yale majivu kila asubuhi.

Paka hana ubaya. Yeye hutafuta mahali palipo laini, achimbe, kisha afunike. Kwetu Goma viwanja vingi ni mawe ya volkano tupu, achimbe wapi? Kunabaki majivu, mchanga wa kujengea, na kale kaudongo ulikopanda lengalenga. Ukimpiga atajifunza kukuogopa wewe, basi. Siku nyingine atakwenda chini ya kitanda.

Mpe udongo wake. Beseni la zamani lililopasuka ukingo linatosha, au bidoni ya lita 20 iliyokatwa ubavuni. Tia mchanga mkavu, au unga wa mbao kutoka kwa seremala, kina cha vidole vitatu. Siku ya kwanza changanya humo majivu kidogo aliyokwisha kuchafua, atambue harufu yake. Weka pembeni, mbali na njia ya watoto na mbali na sahani yake, maana paka hapendi kula karibu na choo (nani anapenda?). Kila akimaliza kula au akiamka, mtie humo, umwache akwaruze mwenyewe. Hata mtoto wa paka wa majuma manne anaelewa. Wakati huohuo funika majivu, la sivyo atarudi kulekule.

Alipokosea, osha kwa maji na sabuni. Usimwage javeli juu ya mkojo: vikikutana hutoa hewa mbaya inayochoma kifua. Na paka dume akijikamua mara nyingi bila kutoa hata tone, hiyo si tabia mbaya, ni ugonjwa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Sasa yule mkamwana. Paka anayekula panya anaweza kubeba ugonjwa uitwao toksoplasmozi. Mama akiupata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, unaweza kumfikia mtoto tumboni na kumharibu macho au ubongo. Lakini kinyesi kipya hakiambukizi papo hapo. Vijidudu vyake huhitaji siku moja hadi tano. Kwa hiyo kizolewe kila siku, na mtu mwingine asiye na mimba, kisha anawe kwa sabuni. Kama hakuna mwingine, avae glavu. Kinyesi kisitupwe bustanini. Nyama iive vizuri, na mboga zioshwe sana, kwa kuwa ugonjwa huo hupitia huko pia, hata katika nyumba isiyo na paka.

Juzi nimepita kwake. Beseni liko nyuma ya mlango wa depo, na paka amekosea mara moja tu, siku ya tatu, mvua ilipolowesha mchanga. Anayezoa ni baba mwenyewe. Anasema ni kazi ya mjukuu wake. Mama ameniomba nimtafutie beseni kubwa zaidi, maana paka amenenepa, anageuka humo kwa shida.