Gari Moja, Bei Mbalimbali: Ushuru Si Jibu Lote

Porsche 911 huundwa Zuffenhausen, jijini Stuttgart, Ujerumani. Liwe linapelekwa Singapore, Copenhagen au Dubai, kiwanda ni kile kile na mafundi ni wale wale. Hata hivyo, mnunuzi wa Singapore hulipa zaidi ya mara mbili ya anacholipa mwenzake wa Dubai. Sokoni utaambiwa ni nauli ya meli. Kwa gari la thamani hiyo nauli ni kitu kidogo mno, na mfanyabiashara anayejenga hesabu yake juu ya nauli ajue ameanza vibaya.

Tutazame Singapore. Tangu 1990, anayetaka kusajili gari hununua kwanza, kwa mnada, kibali cha kulimiliki kwa miaka 10. Oktoba 2023 kibali cha magari makubwa kilifika dola 150,001 za huko, na hapo mtu hajanunua hata tairi. Kisha kuna ada ya usajili inayopanda kwa ngazi: kwa viwango vya Februari 2023, gari lililofika bandarini kwa thamani ya dola 100,000 hutozwa ada ya dola 200,000. Ongeza ushuru wa asilimia 20 na kodi ya mauzo. Serikali ile haifichi nia yake: kisiwa ni kidogo na haitaki magari mengi barabarani.

Hapo ushuru unaeleza karibu kila kitu. Lakini Denmark inatufundisha jambo jingine. Huko VAT ni asilimia 25, na juu yake kuna kodi ya usajili ambayo kwa sehemu ya juu ya bei ni asilimia 150. Kwa hiyo kila kroni 100 anazoongeza mtengenezaji humfikia mnunuzi zikiwa kroni 312 na nusu. Mtengenezaji anafahamu hivyo, naye hupunguza bei yake ili wateja wasikimbie. Kwa miaka mingi taarifa za Tume ya Ulaya zilionyesha Denmark kuwa miongoni mwa nchi zenye bei za chini kabisa za magari kabla ya kodi.

Maana yake ni kwamba bei ya kiwandani nayo haina msimamo. Hupangwa nchi kwa nchi, kwa kupima mfuko wa mteja. Mimi naona serikali hubebeshwa lawama zote huku mtengenezaji na wakala wake wakipita pembeni kimya kimya.

Msomaji atauliza: kwa nini watu wasinunue kwenye bei nafuu na kuuza kwenye bei ghali, mpaka bei zilingane? Walijaribu. Lira ya Italia iliposhuka miaka ya 1990, Wajerumani na Waaustria walivuka mpaka kununua Volkswagen na Audi kwa bei nafuu. Kampuni ikawabana mawakala wa Italia wasiwauzie wageni. Januari 1998 Tume ya Ulaya iliitoza Volkswagen faini ya ecu milioni 102, ambayo mahakama iliipunguza mwaka 2000 hadi euro milioni 90. Kampuni haihatarishi fedha kiasi hicho kulinda tofauti ya bei isiyo na faida kwake.

Sasa wapo wanaotazama bei za Dubai, ambako ushuru wa forodha ni asilimia 5 na VAT asilimia 5, wakaanza kuota faida Nairobi. Polepole! Magari ya Dubai yana usukani kushoto, na Kenya haisajili gari la kawaida la namna hiyo, wala lililozidi miaka 8. Ndiyo sababu waagizaji wengi hugeukia Japani na Uingereza, hata kama bei ya Dubai inavutia.

Hata ukipata lenye usukani kulia, kwa gari lililotumika Mamlaka ya Mapato ya Kenya haianzi na stakabadhi yako. Huanza na orodha yake ya bei za magari mapya, ikapunguza uchakavu kulingana na umri, kisha ikakokotoa kodi kutokana na kiasi kilichobaki. Uliyebembeleza muuzaji akakupunguzia dola 5,000 na asiyebembeleza kabisa mtalipa ushuru sawa. Orodha hiyo isomwe kabla fedha hazijatumwa.