NYUMBA YETU: Paka Naye Apate Mahali Pake

Mwezi huu tuongee habari ya paka. Msicheke! Hapa Lulimba, na kule Misisi pia, jamaa nyingi zinaweka mahindi na mihogo mikavu ndani ya nyumba ya kulala. Baba akiwa shimoni, mama na watoto ndio wanabaki na panya. Wengine wanakimbilia sumu. Lakini sumu mtoto anaweza kuiokota, na paka akila panya mwenye sumu, naye anaweza kufa. Afazali paka mzima kuliko sumu.

Shida ni kwamba paka anafukuzwa juu ya kukwaruza viti na kupanda mezani. Huo si ukaidi. Kucha yake iko na ganda. Akikwaruza, ganda la zamani linatoka. Tena anapenda kukaa juu, maana kule anaona yote na mbwa hamfikii. Ukimpiga hataacha, atahama. Na paka akitoka, panya hutawala.

Basi, mumpe etajere. Msinunue mbao mpya: tafuteni ile ya zamani, yenye rafu tatu ao ine, iliyochoka kubeba masahani. Paka mkubwa ana uzito wa kilo 4 hivi tu, haitavunjika.

1. Ifungeni kwa ukuta na misumari na waya, juu na katikati. Hii ndiyo kazi kubwa. Ikitikisika siku paka anaruka, hatairudilia. Na ikianguka, itaumiza mtoto.

2. Rafu za katikati zikateni nusu, moja upande wa kuume, ingine upande wa kushoto. Hivi paka anapata njia ya kupanda kama kwa ngazi. Kati ya rafu na rafu, sentimeta 40 zinatosha.

3. Mguu mmoja wa mbele uzungushieni kamba ya katani, mkikaza sana, toka chini mpaka sentimeta 80. Paka anakwaruza akiwa amejinyoosha mwili wote. Kamba fupi ataiacha, atarudilia kiti. Msitumie ya nailo, inateleza.

4. Rafu ya juu tandikeni gunia ao kitenge kilichochakaa. Atalala hapo, maana paka analala zaidi ya saa 12 kwa siku.

Isimamisheni karibu na magunia ya chakula, mbali na mbabula. Siku ya kwanza wekeni kichwa cha ndagala kwa kila rafu, atapanda mwenyewe.

Neno la mwisho: msimnyime chakula eti awinde vizuri. Paka anawinda hata akishiba. Mwenye njaa anaenda kuiba kwa jirani, na jirani anakuja na fimbo.

Vijana, kazi hii ni yenu. Nyundo, msumeno na mchana mmoja vinatosha. Mama atawashukuru siku ya kufungua gunia.