Bwana Shamba Anasema: Waulize Wanaokufanyia Kazi



Umeajiri vibarua wanne wa tumbaku kutoka Kigoma. Asubuhi mmoja haamki. Anasema kichwa kinazunguka na anataka kutapika. Wewe utasema nini? Wakulima wengi husema, "Huyu mvivu," au, "Jana alikunywa pombe." Kisha humkata ujira wa siku.

Ngoja kwanza. Muulize jana alichuma saa ngapi, na nguo zake zilikuwaje. Jani la tumbaku lina sumu iitwayo nikotini. Jani likiwa na umande au maji ya mvua, sumu hiyo hupita kwenye ngozi na kuingia mwilini. Mchumaji hupata kizunguzungu, hutapika, na mwili hulegea. Huyo hakunywa pombe. Amedhurika na tumbaku yako. Anzeni kuchuma umande ukikauka. Mchumaji avae shati la mikono mirefu, akilowa abadilishe, na akimaliza aoge kwa sabuni. Watoto wasiifanye kazi hii kabisa.

Ona sasa. Kibarua alikuambia habari yenye faida, nawe ulitaka kumkata fedha.

Kwetu Tabora jambo hili si geni. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, mizigo ya pwani ilibebwa na watu. Wazee wetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, mwendo wa kilomita 800 hivi. Walirudi na nguo, shanga na nyaya. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kiasi cha kilo 30. Juu yake alikuwa na mkeka wake na chakula chake.

Wapagazi hao walifanya kazi kwa ujira na posho. Posho ikipungua, au mwendo ukizidi, walitua mizigo wakakaa chini. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, aliwasemea mbele ya mwenye mali. Mwenye mali akisikia, safari iliendelea. Asiposikia, usiku watu walitoroka, naye akabaki porini na mizigo yake.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka pwani mpaka Kazeh, ndiyo Tabora. Walitumia zaidi ya miezi minne. Burton aliandika kitabu, na ndani yake analalamika sana juu ya wapagazi waliomkimbia. Lakini yeye huyo huyo aliandika kwamba katika misafara ya Wanyamwezi wenyewe, wapagazi walifanya kazi kwa moyo. Pembe iliyomshinda mtu mmoja ilifungwa kwenye mti ikabebwa na wawili. Nani aliyejua kwamba pembe ile inamshinda mtu mmoja? Ni yule aliyekuwa nayo begani.

Baada ya Uhuru, Serikali nayo ililitazama jambo hili. Mwaka 1970 iliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ukawakataza viongozi kiburi na dharau. Lakini mabaraza yale yalishauri tu, hayakuamua. Na mtu akishauri mara mbili bila kujibiwa, mara ya tatu hunyamaza.

Kibarua akinyamaza, mwenye shamba hupata hasara. Fikiria bani lako. Tumbaku ya mvuke hukauka kwa wiki moja hivi. Joto huanza kidogo mpaka jani liwe la njano, ndipo huongezwa. Nani hukesha na moto? Ni kibarua. Yeye ndiye wa kwanza kuona bomba lililotoboka. Mkulima mmoja wa Urambo aliambiwa na kibarua wake kwamba bomba limetoboka. Akajibu, "Nimekuajiri kuchochea moto, si kunifundisha." Kibarua hakusema tena. Siku ya tatu bani liliungua, pamoja na majani yote ya mchumo ule.

Basi tenga jioni moja kila wiki. Usiulize, "Kuna matatizo?" Utajibiwa, "Hakuna, mzee." Uliza juu ya kitu chenyewe. Jembe lipi limelegea? Kuni zinatosha? Kazi gani imekupotezea siku? Kama una nyapara, siku nyingine uliza yeye asipokuwapo. Waulize na wanawake peke yao. Wengi wetu tunafanya kazi na wake zetu na jamaa zetu, na hao ndio hatuwaulizi kabisa. Mama anayepanga majani kwa madaraja anajua ni majani ya bani lipi yaliyoharibika, na yaliharibika namna gani.

Sasa unajua kuandika. Nunua daftari. Andika tarehe, neno lililosemwa, na ulilofanya. Kwa mfano: "Tarehe 4. Maji ya kunywa yako mbali. Nimenunua dumu." Wiki inayofuata wasomee. Neno usiloliweza, waambie huliwezi, na useme kwa nini. Aliyesema neno kali asinyimwe kazi kwa ajili hiyo. Ukimfukuza mmoja, wengine wote watakuambia mambo ni mazuri.

Neno gumu litakuwa fedha. Vibarua wengi wa tumbaku hulipwa baada ya mauzo, na malipo ya mauzo yakichelewa, wao nao huchelewa kulipwa. Usiwakimbie. Waambie hali ilivyo. Na tangu mwanzo wa msimu andikeni mapatano: ujira ni kiasi gani, utalipwa lini, na fedha ambazo kibarua amekwisha kuchukua. Pawe na nakala mbili, moja yako na moja yake, zote zimetiwa sahihi. Asiyejua kusoma asomewe na mtu anayemwamini yeye, si mtu wako.

Mwezi ujao tutazungumza habari ya kuni za bani, na miti ya kupanda.