Waya wa baharini: adui si nanga peke yake



Siku hizi ikitoka habari ya waya wa umeme wa baharini, wengi tunakimbilia neno moja: hujuma. Sababu ipo. Tarehe 25 Desemba 2024 ulikatika waya wa Estlink 2, unaopitisha umeme kati ya Finland na Estonia, na wachunguzi wa Finland wakanyoosha kidole kwa meli ya mafuta iitwayo Eagle S, kwamba iliburuta nanga. Matengenezo yalikula takriban miezi sita. Stori tamu hiyo, ina meli na ina siri. Ila kwa mtazamo wangu inatufanya tuangalie upande mmoja tu, na upande wa pili ndio unaotuhusu zaidi.

Twende kwenye mashamba ya upepo ya Ulaya, yale mapangaboi makubwa yaliyosimikwa baharini. Shamba la Hornsea 2 pale Uingereza lina mitambo 165, zaidi ya megawati 1,300. Mitambo hiyo inaungwa kwa nyaya kama shanga. Waya mmoja ukifa, mitambo iliyo nyuma yake nayo inaweza kusimama, hata upepo uvume vipi.

Nyaya hizi kwa kawaida hufukiwa chini ya mchanga, mita moja au mbili, ili nanga na nyavu za kukokota zisizifikie. Kasheshe ipo kwenye mita chache za mwisho. Pale waya lazima utoke mchangani upande ndani ya nguzo, kwa hiyo haufukiki. Umewahi kusimama ufukweni wimbi linarudi, ukasikia mchanga unachimbika chini ya nyayo zako? Mguu wa nguzo nao unachimbwa hivyo hivyo na mkondo, mwaka mzima. Dawa yake ni kumwaga mawe kuzunguka nguzo. Waya sasa unapita juu ya mawe hayo, umevishwa gamba gumu la kuulinda. Mkondo ukilitikisa gamba usiku na mchana, linasugua mawe, linalika, mwisho waya unabaki uchi.

Mwaka 2021 kampuni ya Ørsted ya Denmark ilitangaza kwamba tatizo hilo huenda limegusa mashamba yake hadi 10 Uingereza na bara la Ulaya. Makadirio ya gharama: krona za Denmark kama bilioni 3. Na maelezo yaliyotolewa? Zamani walikuwa wanaongeza tabaka la pili la mawe juu, kuubana waya usichezecheze. Baadaye ikaonekana halina ulazima. Basi. Hakuna jasusi wala meli ya gizani. Ni mawe tu yaliyoachwa kumwagwa, bili ikaja baadaye.

Sasa utaniuliza, kaka, sisi na mapangaboi ya Wazungu wapi na wapi? Muulize mtu wa Unguja. Tarehe 10 Desemba 2009 hitilafu kwenye njia ya umeme kutoka bara ilikiacha kisiwa kizima gizani mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Pampu za maji zikasimama, mwenye jenereta akawa mfalme. Na mwaka 2008 walishakaa karibu mwezi mzima hivyo hivyo. Kisiwa kilikuwa kinategemea waya mmoja uliolazwa mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba.

Baadaye mambo yakasogea. Pemba iliungwa na Tanga mwaka 2010 kwa msaada wa Norway, na Unguja ikapata waya mpya wa megawati 100 mwaka 2013 kwa fedha za Marekani. Safi kabisa. Lakini ndugu zangu, waya mpya una siku ya kukata utepe. Kuukagua hakuna utepe. Hakuna kiongozi anayepigwa picha na mawe yaliyo chini ya maji, na bajeti ikibana kazi isiyoonekana ndiyo ya kwanza kukatwa.

Tena tofauti yetu na Ulaya ni kubwa. Kule nyaya chache za shamba moja zikifa, gridi ina vyanzo vingine, taa ya mtu haizimiki. Kisiwani, njia ikifa, hata hiyo kompyuta ya kafe unayosomea hapa inazima.

Kwa hiyo tukiahidiwa waya mwingine, tuulize matatu kabla ya kupiga makofi. Pale unapotoka baharini unalindwaje? Nani anaukagua, na kila baada ya muda gani? Ukifa, njia ya pili ipo?

Uwanja ni wenu. Mliokuwepo Unguja 2009, tupeni yenu hapo chini. Hoja kwa hoja, matusi hapana.