Picha Zile Zilisaidia Kuuza Ardhi

Mwandishi mmoja ametushauri wazazi wa Kaloleni na Makadara hapa Nairobi tuwape watoto vitabu vya picha vya wasafiri wa enzi za ukoloni bila maelezo yoyote, kwa kuwa eti havikuwa na siasa. Nakataa.

Winston Churchill alipozuru huku mwaka 1907 hakuwa mtalii. Alikuwa naibu waziri wa makoloni wa Uingereza. Mwaka uliofuata akatoa kitabu kinachomwonyesha na kifaru aliyeuawa, na humo humo akajadili reli, ardhi na kazi ya Mwafrika. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, naye alikuja kuwinda mwaka 1909, akakaribishwa Juja na mlowezi William Northrup McMillan. Kitabu chake chenye picha za mawindo kikatoka mwaka 1910. Miaka hiyo hiyo Wamaasai walikuwa wakihamishwa: mkataba wa 1904 uliwatoa Bonde la Ufa, wa 1911 ukawatoa Laikipia. Msomaji wa ng'ambo alionyeshwa nchi ya wanyama inayomngoja mlowezi. Hiyo si siasa?

Maktaba yenye jina la McMillan, iliyofunguliwa mjini mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu pekee. Wafanyakazi waliojengewa Kaloleni miaka ya 1940 hawakuruhusiwa kuingia. Leo maktaba za Kaloleni na Makadara ni matawi yake.

Sisemi vitabu vichomwe. Vibaki rafuni, na kando yake ziwekwe ramani za mikataba ile na habari za wapagazi waliobeba mizigo ya wawindaji. Wasimamizi wa maktaba, anzeni na Kaloleni.