Neno "Huru" na Miguu ya Motokaa Kongwe

Katika nchi ya Marekani, na hasa katika jimbo la California, imekuwa desturi ya miaka mingi mtu kuchukua motokaa kongwe, aghalabu Ford ya mwaka 1932, akaikata paa, akaiinamisha, akaitia injini yenye nguvu kuliko ile iliyozaliwa nayo, kisha akang'oa ekseli ya nyuma na kutundika mahali pake mtambo wa Jaguar, ambao kila gurudumu lake hupanda na kushuka peke yake. Kazi hii ina wapenzi na ina maadui. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosa. Ila kosa la mmoja ni la maneno tu, na kosa la mwingine huenda barabarani kwa mwendo wa maili 70 kwa saa.

Nianze na maadui, maana kuwajibu hakuhitaji wino mwingi. Hao husema kwamba kuipa Ford ya kale miguu ya kisasa ni kuinajisi. Ipi hiyo iliyonajisiwa? Ford ile ya silinda 8 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 65, na nyuma ina springi moja ya mabamba iliyolazwa kukingama, kama gari la kukokotwa. Vijana waliokwenda kushindana juu ya ardhi kavu ya Muroc kabla ya Vita Kuu ya Pili hawakuacha kitu mahali pake. Motokaa ya namna hii ni zao la msumeno tangu mwanzo. Anayelilia usafi wake analilia kitu ambacho hakijapata kuwapo. Wala si kweli kwamba magurudumu yasiyofungamana ni mgeni wa juzi. Mercedes-Benz walitoa modeli ya 170 yenye mtambo wa namna hiyo mbele na nyuma mwaka 1931, yaani mwaka mmoja kabla ya Ford hiyo kuzaliwa.

Wapenzi ndio wenye hatari, kwa kuwa wamelewa neno. Waingereza huuita mtambo huu kwa neno lenye maana ya kujitegemea, nasi tukilitafsiri twaweza kusema "springi huru". Na nani asiyependa uhuru? Lakini tazama, msomaji, neno hilo limefanya nini. Limemfanya mtu aamini kwamba gurudumu limefunguliwa, hali kweli ni kwamba limefungwa kwa kamba nyingi zaidi. Ekseli ngumu ni boriti moja: magurudumu mawili yamesimama katika ncha zake, na hata fundi akiwa mlegevu hayawezi kuinamiana. Ukiivunja boriti hiyo, kila kazi iliyokuwa ikiifanya kimya kimya ni lazima sasa ipewe mtumishi wake: mmoja wa kuzuia gurudumu lisilale, mmoja wa kulizuia lisirudi nyuma, mmoja wa kulizuia lisipinde. Ukimsahau mtumishi mmoja, kazi yake haifanywi na mtu.

Wahandisi wa Jaguar waliotoa mtambo wao mwaka 1961, katika E-Type na Mark X, walilijua hilo. Chini waliweka mkono wa chuma kutoka kwenye difu hadi kwenye gurudumu. Juu hawakuweka mkono. Shafti yenyewe inayolizungusha gurudumu ndiyo waliyoipa kazi hiyo. Kila upande wakaupa springi mbili za koili, kila moja na shokomzoba yake ndani. Breki za sahani wakazibandika ubavuni mwa difu, ili gurudumu liwe jepesi kufuata mashimo ya njia. Kisha mkono mrefu ukatoka kwenye mkono wa chini kwenda mbele mpaka kwenye bodi, kulizuia gurudumu lisisukumwe mbele wala nyuma. Vyote wakavitia katika kizimba cha bamba la chuma, na kizimba wakakitundika kwa mipira, mngurumo wa difu usiwafikie abiria. Huo ni mtambo mmoja, si duka la vipuri.

Sasa mpambaji hufanya nini? Hukitupa kizimba, kwa sababu kinaficha uzuri. Kila kipande hukipaka kromu. Difu huipigia bolti moja kwa moja kwenye chasisi, bila mpira. Mikono mirefu ya mbele huikata, au huiacha kabisa, akidai kwamba mikono ya chini ni minene ya kutosha. Haitoshi! Gurudumu linapofungwa breki, barabara hulivuta nyuma. Na pasipo mkono wa mbele, nguvu yote hiyo huyaangukia maungio ya ndani ya mkono wa chini, ambayo yamekaribiana mno. Maungio yakilegea, gurudumu huanza kujiongoza lenyewe. Na aliyeibakiza mikono akaifunga popote palipomfaa hana afadhali: mkono uliofungwa nje ya mstari wa maungio hushindana nayo kila gurudumu linapopanda. Jaguar walikuwa na mpira wa kuisamehe tofauti hiyo. Yeye ana chuma kwa chuma, na mwisho kimoja hupasuka.

Nitaambiwa kwamba ekseli ngumu ni nzito, na huruka katika njia mbovu. Ni kweli, na fundi aliyeuhamisha mtambo mzima, pamoja na mipira na mikono yake, sina neno naye ila sifa. Lakini "huru" peke yake haina baraka. Chevrolet Corvair ya mwaka 1960 ilikuwa huru nyuma, na magurudumu yake yaliweza kujikunja chini ya gari katika kona. Ralph Nader aliifungulia kitabu chake cha mwaka 1965. Nasi Afrika ya Mashariki tuna mfano wa karibu. Peugeot walipotoa 504 mwaka 1968, saluni waliipa nyuma huru. Lakini ile ndefu iliyofuata, ambayo Kenya iliijua sana kwa kubeba abiria kati ya mji na mji, waliipa ekseli ngumu. Hakuna aliyesema ile ndefu ilikuwa mtumwa. Ilikuwa na mzigo wa kubeba.

Jibu la mwisho la mpambaji ni kwamba motokaa ni yake. Ni yake mpaka siku ya kuiuza, nazo huuzwa sana. Mnunuzi huinama, akaona kromu, maungio hayaoni. Breki zilizofichwa kando ya difu hazikaguliwi kwa urahisi, na joto lake huweza kuunguza sili mpaka mafuta yakadondokea sahani zenyewe. Basi muuzaji na aandike katika hati: mkono wa mbele umefungwa wapi, kwa mpira wa namna gani, na nani aliyechomelea. Asiyeweza kuyaandika hayo, airudishe ekseli kwanza, ndipo auze.