Msako Haupandishi Ujira wa Kayole

Makala iliyodai kwamba vijana wa Kayole na Umoja jijini Nairobi wanakosa vibarua kwa sababu ya Warundi na Wakongo, na kwamba dawa ni msako, imemwacha mwajiri bila lawama hata kidogo.

Msako tuliuona. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, polisi waliwazoa maelfu ya watu Eastleigh na kwingineko, wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Je, ujira wa mjengo Komarock ulipanda? Biashara ya Eastleigh ilidorora, na hasara ikawafikia pia wabebaji mizigo na kina mama mboga, Wakenya halisi.

Kinachoshusha ujira ni hofu. Asiye na kibali cha kazi haendi ofisi ya leba kudai haki yake. Msimamizi wa mjengo anajua, kwa hiyo anampunja, kisha anamgeukia kijana wa Dandora: ukikataa bei hii, wako wengine. Mpe yule mgeni kibali, na tishio hilo linakosa makali.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inatambua haki ya wakimbizi ya kufanya kazi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaruhusu wafanyakazi wa nchi wanachama kuvuka mipaka. Vibali vitolewe basi, tena bila mizunguko. Na wakaguzi wakague madaftari ya malipo ya wakandarasi, wasiwabishie hodi usiku wapangaji wa Kayole.